Mzaha wa Ogeto kwenye Mashine ya Kiptum

Katika soko dogo lililo juu kidogo ya Kapkatet, watu walimjua Ogeto zaidi kwa moto wake kuliko kwa sauti yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ukimsalimu akiwa kazini aliinua ile kofia yake ya kioo, akatikisa kichwa, akaishusha tena. Hata kanisani, kila mtu alipoombwa aseme neno, yeye alitazama viatu vyake mpaka mkewe Mellen amjibie.

Mtu aliyemzoea kabisa alikuwa Kiptum, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Ogeto alipofika pale kutoka Kisii, Kiptum ndiye aliyempa pembe ya kiwanja chake ajenge kibanda cha kazi. Kila jioni Kiptum alikuja kuketi juu ya mtungi wa gesi uliokwisha, akaongea kwa niaba ya wote wawili: ng'ombe wake, majani chai yake, wakwe zake. Ogeto alicheka kifuani tu, na Kiptum alijua amecheka.

Mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba, mguu mmoja wa mashine ya Kiptum ulipasuka. Ogeto akaja, akainama, akaupapasa ufa.

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

"Jumamosi! Ndugu yangu, mahindi ndiyo haya yameanza kutoka shambani. Akina mama wamejaa hapo nje. Si uguse tu na moto kidogo?"

"Lazima nitoe beringi kwanza."

"Beringi ina ugonjwa gani? Mguu ndio mgonjwa."

"Umeme utaipitia," akasema Ogeto, akarudi kwenye geti la shule alilokuwa ameahidi kulimaliza.

Alikuwa na sababu, ila hakuisema yote. Zamani akiwa kibarua wa kiwanda cha chai, aliona feni kubwa ya kukausha majani ikiharibika kwa kosa la kuchomelea. Umeme wa kuchomelea ukishaingia kwenye chuma ni lazima urudi kwa waya wa pili, ule wenye kibanio. Ukibana karibu na unapochoma, umeme unarudi papo hapo. Ukibana ng'ambo ya beringi, utapita katikati ya zile gololi, na kila gololi itatoa cheche mahali inapogusa. Kwa nje beringi itang'aa kama kawaida. Ndani imeshapata madoa, na madoa yale huchimbika siku hata siku, hadi beringi inaanza kulia. Ule ufa ulikuwa karibu sana, chini tu ya beringi, ndiyo maana Ogeto alitaka kuitoa. Kama angemweleza Kiptum hivyo, Kiptum angengoja. Alimpa maneno mawili.

Kesho yake alipita Mosoti, fundi aliyezunguka masokoni na mashine yake ya kuchomelea ndani ya pikapu, na Kiptum akampa kazi. Miguu ilikuwa imepakwa rangi nzito ya kijani, na kibanio hakishiki juu ya rangi. Mosoti hakutaka taabu ya kukwangua. Aliona puli, lile gurudumu la mkanda, inavyong'aa kwa kusuguliwa, akabana pale, ng'ambo ya beringi. Mguu ulishika vizuri sana. Ogeto alipoambiwa na Mellen kwamba kazi imefanywa na mtu mwingine, aliiacha chai yake ikapoa.

Baada ya wiki chache mashine ilianza kulia. Ikiwa katikati ya kusaga hukusikia, kwa sababu ya kelele zake nyingine. Ilipozimwa na kuanza kupunguza mwendo, ndipo ilipotoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka.

Ogeto aliisikia mwenyewe siku ya soko, alipoleta mahindi kwa vile Mellen alikuwa na homa. Foleni ilifika barabarani. Kiptum akazima mashine abadilishe chujio, nayo ikalia mpaka wanawake wakatazamana.

"Fundi," akaita Phelis, mama mmoja asiyejua kunong'ona, "hiyo ni nini inalia hivyo?"

Ogeto alijua ni nini. Ingetosha kusema ni beringi. Lakini lile jambo la Mosoti lilikuwa bado limemkaa kooni, na kabla hajajizuia akasema:

"Huyo ni fisi. Amemaliza mahindi yenu, anaita mengine."

Wakamgeukia wote, kwa mshangao kwamba Ogeto ameongea. Kisha kikazuka kicheko. Phelis alishika mlango asianguke. Kiptum naye alicheka, nyusi zake nyeupe kwa unga. "Rudia, fundi!" wakasema, naye akarudia, tena akaiga na mlio. Hakuna siku nyingine maishani mwake ambayo watu walicheka kwa kumpenda. Alienda nyumbani akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jina likashika. Ukimuuliza mtu anaenda kusaga wapi, atakwambia, "Si kwa Fisi." Hilo lilikuwa la kuchekesha tu. Baadaye wakakumbuka na ile nusu nyingine ya mzaha, ya kumaliza mahindi. Mashine yoyote hubakiza unga kidogo ndani, na wanawake walilijua hilo tangu zamani. Sasa wakaanza kuja na gorogoro zao, yale makopo ya kupimia, wakipima kabla na baada.

"Mama Fancy, nimeleta gorogoro nne. Hii ni nne?"

"Ni unga wako wote huo," akajibu Rebeccah, mke wa Kiptum na mama yake Fancy, aliyekuwa akipokea watu mlangoni.

"Basi Fisi ameshiba leo."

Mmoja baada ya mwingine wakaanza kusaga ng'ambo ya mto, ingawa kule kulikuwa na kilima cha kumaliza miguu.

Ogeto alikuja na vyombo vyake bila kuitwa. Akatoa beringi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akamwonyesha Kiptum mistari iliyochimbika ndani. Akaweka mpya, akajaza grisi. Walipozima, mashine ilipunguza mwendo kimya, mpaka wakasikia mkanda ukipumua.

"Sasa iko sawa," Ogeto akasema.

"Iko sawa. Sasa waambie watu, ndugu yangu. Wewe ndiye watakusikia."

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, Ogeto alisimama. Aliyapanga maneno njia nzima: beringi ilichomwa na umeme, nimeibadilisha, mashine haijawahi kula unga wa mtu. Akafungua mdomo. Kwenye viti vya nyuma mtu mmoja akalia polepole, ule mlio wenyewe wa fisi, na benchi zima likatikisika kwa kicheko. Mellen akasimama haraka, "Anasema mashine ya Kiptum imepona," na hilo likawachekesha zaidi. Ogeto akaketi.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zilipoanza, wateja walikuwa bado hawajarudi, na mtu mmoja wa Soin aliinunua mashine. Ogeto alisaidia kuipakia. Walipokuwa wakifunga kamba, Kiptum alisema bila kumtazama:

"Unajua ile siku nilifurahi? Nilimwambia Rebeccah, leo Ogeto ameongea mbele ya watu. Nilifurahi kweli."

Ogeto alitaka kusema pole. Alikuwa nayo mdomoni. Badala yake alimgeukia yule mtu wa Soin, akaanza kumweleza habari za kuchomelea: akwangue rangi, abane karibu na kazi, asibane kwenye puli wala kwenye shafti inayoizungusha, na kama ufa uko karibu na beringi aitoe kwanza. Aliongea mpaka yule mtu akatazama mawingu. Kiptum alisimama kando na kusikiliza yote, hadi mwisho.

"Kumbe ndiyo hivyo," akasema.

Gari likaondoka. Jioni ile Kiptum alikuja kuketi juu ya mtungi kama kawaida, na jioni nyingine nyingi baada ya hiyo. Habari za ng'ombe zilikwisha upesi siku hizo. Mara nyingi walikaa tu wakisikiliza mvua kwenye mabati, na kila mara Ogeto alijiambia kwamba ikipungua kidogo atasema ile pole.