Pengo kwenye Shingo ya Chungu

Nilifunga safari kutoka Kitui kwenda Ekero kumtafuta mfinyanzi niliyemjua kwa kazi yake tu. Nilikuwa nimenunua chungu chake Nairobi. Shingoni kilikuwa na mistari ya vidole: miwili imekaribiana, kisha pengo, kisha mmoja peke yake. Nililipenda pengo lile kupita kiasi. Nami ni mfinyanzi, basi nikaiga, nikikunja kidole cha pete kisiguse udongo, hadi mkono ukazoea. Sasa nilitaka mwenyewe aone, aniambie niendelee.

Kutoka mjini Kakamega, basi letu lilijikokota nyuma ya matrekta ya miwa. Ilikuwa miaka ya neema ya sukari, na miwa ilikuwa imepandwa hadi kwenye kuta za nyumba. Nilipakata chungu changu njia nzima, nimejaa majivuno.

Ekero, adhuhuri. Mama Makokha, mfinyanzi mwenyewe, alikuwa akisonga obusuma, ugali wa kwao, basi akanipa kifundo cha mkono nimsalimie, kama afanyavyo mtu mwenye unga mikononi. Sikungoja hata maji ya kunawa. Niliweka chungu mezani.

"Mama, nimefinyanga kama wewe. Tazama hilo pengo."

Alinawa, akapitisha vidole vyake juu ya mistari. Vilienea barabara. Kidole cha pete hakikuwepo.

"Huu ndio mtindo wako," nilisema.

"Si mtindo, mwanangu. Ni panga. Tulikuwa tunakatanga miwa yetu ya kwanza." Akautazama mkono wangu. "Na wewe, kidole yako iko wapi?"

Niliunyosha. Vyote vitano vilikuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kumbe iko," alisema. "Mungu akuwekee. Kula, ingokho inapoa."

Kuku yule sikuonja ladha yake. Baada ya chakula alinipa udongo. Nilipougusa, kidole kikajikunja chenyewe mbele ya macho yake. Akakishika, akakinyosha polepole, akakikandamiza udongoni pamoja na vingine.

Jioni niliomba nirudi na chungu changu nikakivunje. Alikataa, alisema kitawekanga maji.

Sasa niko nyumbani. Nimejifunza kwamba kabla ya kuiga mkono wa mtu, ni vizuri kwanza uushike. Wateja wananiuliza lile pengo zuri limekwenda wapi. Nainama, nakinyosha kidole, kwa maana hadi leo bado kinajikunja.