Sahani ya Shemeji

Fundi viatu huyu ana ulimi mkali kuliko kisu chake. Nilipompelekea viatu vyangu vilivyochoshwa na safari, alivigeuza akasema, "Bosi, hivi havitaki fundi, vinataka sanda." Kisha akavishona. Kibandani mwake mna vigoda viwili. Kimoja hakikaliwi, kilikuwa cha mdogo wake.

Walishona pamoja miaka mingi, wakipokezana sindano moja nene yenye mpini wa mbao. Iliwachoma vidole wote wawili. Walijifuta damu kwenye aproni, kazi ikaendelea. Siku moja macho ya mdogo mtu yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Hospitali ikasema ni homa ya ini, na amechelewa. Mke wa fundi aliikumbuka homa ya ini iliyozuka shuleni kwao zamani kwa sababu ya maji machafu. Akamtengea shemeji yake sahani, kikombe na kona ya kulia chakula.

"Shemeji, nimekuwa paka?" mgonjwa alitania. Hakuna aliyecheka. Alikula peke yake hadi alipofariki. Sindano, hakuna aliyeitenga.

Baada ya mazishi, muuguzi mmoja, mteja wa kibandani, alimsihi fundi akapime.

"Mimi mzima kama kifaru, dada. Nikapime nini?"

"Hata mdogo wako alijiona mzima. Ini halipigi kelele mapema."

Akaenda, akatolewa damu. Majibu: ana homa ya ini aina ya B, ile ile iliyomuua mdogo wake.

"A na E huingia kwa chakula au maji yenye uchafu wa choo," muuguzi alimweleza. "B na C hupita kwenye damu. B pia hupita kwa kujamiiana, na mama humwambukiza mtoto anapojifungua. D humpata mwenye B tu. Labda mlizaliwa nayo, labda ni ile sindano, hatutajua. Wewe tutakufuatilia, na dawa ya kuituliza ipo ukiihitaji. Mkeo na watoto waje wapimwe. Wasio nayo watachanjwa."

"Na sahani?"

"Sahani haina kosa. B haiambukizwi kwa kula pamoja."

"Kwa hiyo tulimtenga bure."

Muuguzi akamwandikia tarehe ya kurudi.

Fundi alitembea kurudi nyumbani taratibu. Akimficha mkewe, hatapima. Akimwambia, atajua alichomfanyia marehemu. Alimweleza yote, akaruka habari ya sahani. Lakini mkewe si mjinga.

"Baba watoto, kama ni damu, basi kile chakula cha shemeji..."

"Achana nayo."

"Niambie."

Akamwambia.

Asubuhi mama alikwenda na mumewe na watoto kituo cha afya. Alikunja mkono wa gauni akilia, hata mpimaji akadhani anaogopa sindano. Majibu yalitoka: wote hawana. Watoto walirukaruka. Yeye alibaki ameketi kwenye benchi na pamba mkononi.

"Sasa nitamwomba radhi nani?" alimuuliza mumewe.