Taa ya Barazani na Senene wa Mama

Katika familia yetu mimi ndiye ninayesoma maelekezo. Kaka yangu akinunua redio mpya anaanza kwa kubonyeza kila kitu, kisha anailaumu redio. Mimi nakunjua kile kikaratasi, natafuta miwani, nasoma hadi mwisho, hata pale panapoonya usiitumbukize redio kwenye maji. Tabia hii haijawahi kuniletea sifa yoyote nyumbani, kwa hiyo nilipoona imepata kazi sikuichezea nafasi hiyo.

Kazi yenyewe ilitokana na mama. Anaishi Ngenge, wilayani Muleba, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Mimi nakaa Bilele, Bukoba mjini, na kaka naye yuko hapa hapa mjini. Masika yaliyopita mama alitoka gizani kumwangalia mbuzi aliyekuwa akilia, akateleza kwenye ngazi za baraza. Yeye alichubuka goti. Kaka alichubuka roho. Akatenga chumba nyumbani kwake, akatia vigae na kitanda kipya, kisha akatangaza kwamba tukipata hofu nyingine moja tu, mama anahamia mjini.

Mama hakubishana. Alisema baba amezikwa mle kibanjani, naye hana mpango wa kumwachia mbuzi wamtunze. Lakini kaka ndiye mkubwa wetu, na akishaweka vigae mahali harudi nyuma. Mimi niliumia. Nilimwazia mama amekaa kwenye kile kitanda kipya, mikono mapajani, akisubiri chakula alichopika mtu mwingine, na nikajua asingemaliza miaka mingi mle. Nikamwambia kaka anipe nafasi. Nikamwambia siku hizi nyumba inaweza kujiangalia yenyewe, na mtu akaiendesha kwa simu akiwa mbali, bila hata kuvuta waya mpya. Akaniuliza kama hiyo nyumba itamwinua mama akianguka. Nikamjibu kwamba kwanza itamwashia taa asianguke.

Nilianza kujifunzia kwangu, na balbu moja ya sebuleni. Jioni nzima ilikataa kunitambua, mpaka nikagundua kwamba simu yangu ilikuwa kwenye mtandao wa jirani. Ilipokubali nilipanda kichwa. Nikiwa sokoni nachagua nyanya niliiwasha na kuizima mara kadhaa, bila sababu yoyote isipokuwa kiburi. Muuza nyanya aliniuliza kama nina habari mbaya, maana nilikuwa nikiitazama simu huku nikicheka peke yangu.

Ngenge palinirudisha chini. Nyumba ya baba ilijengwa kabla umeme haujafikiriwa kijijini, na fundi aliyekuja kuufunga baadaye alipitisha nyaya pale tu alipoona njia rahisi. Swichi nilizonunua zilidai waya wa tatu. Nilipofungua ukutani nilikuta waya mbili na buibui. Basi nikaacha swichi hizo nikachukua njia nyingine: balbu zinazopokea amri hewani, na vibonyezo vidogo vya betri vya kubandika kwa gundi, kimoja kando ya kitanda cha mama, kingine kando ya mlango. Barazani niliweka taa yenye kijicho kinachoona mtu akipita, ikawaka yenyewe na kutuma ujumbe kwenye simu. Dukani zilikuwepo za nguvu tofauti. Nilichukua yenye mwanga mkali kuliko zote, kwa sababu nilitaka kaka aione.

Kuta za baba ni nene, mtandao haukupenya. Kimodemu kilichobeba laini ya simu nilikihamisha chumba hadi chumba, mwishowe kikakubali kufanya kazi dirishani tu, kando ya sanamu ya Bikira Maria. Mama alisema basi hapo kitakuwa na adabu.

Kilichofuata ni vita kati ya programu yangu na malezi ya mama. Mama amelelewa kwamba taa ikishatumika huzimwa ukutani. Akizima ukutani, balbu inakufa kabisa, na simu yangu inabaki ikiita maiti. Nikabandika utepe juu ya swichi. Akaubandua, akafungia nao mfuko wa chumvi. Nikamweleza tena, akanisikiliza kwa upole, akaniuliza kwa nini nimeacha kazi zote mjini nikajifunza kuzuia watu kuzima taa.

Na radi je? Kwetu mvua ikianza kunguruma mama hufunika kioo kwa kanga, huchomoa kila kilichochomekwa, kisha hukaa katikati ya chumba amekunja mikono. Kimodemu nacho kilichomolewa na kufunikwa. Ukizingatia jinsi mvua inavyonyesha Kagera, nyumba yangu ya kisasa ilikuwa macho mvua ikipumzika tu.

Hata hivyo, taratibu, tukasikilizana. Kile kibonyezo cha kitandani alikipenda. Alikuwa akikibonyeza, taa ya ukumbini inawaka, naye anatembea kwa utulivu mpaka jikoni. Hakuteleza tena. Kaka alidai ujumbe wa barazani uwe unafika na kwenye simu yake, awe shahidi. Akawa anapata taarifa za mbuzi, za kuku, na za jani moja la mgomba lililokuwa likipepea mbele ya kijicho. Kila mara alinitumia ujumbe wa kejeli, akiuliza huyo kuku wetu anaendeleaje. Nilimvumilia. Niliamini ninashinda.

Halafu ukafika msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa wanaoruka usiku kwa makundi.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Zamani kazi ya kukusanya senene ilikuwa ya wanawake, na mwanamume aliyeletewa senene na mwanamke wa nyumbani kwake akala, alipaswa kumpa vazi. Baba aliushika utaratibu huo mpaka mwisho. Kila msimu alikula senene wa mama, akapanda gari mpaka Muleba mjini, akarudi na kitenge ndani ya karatasi ya kaki. Tangu alipofariki, mama ana vitenge tele tulivyomnunulia, lakini cha senene hana. Huwakusanya wachache asubuhi, akawagawia majirani, na hilo halizungumzii.

Alfajiri moja simu yangu ikaanza kulia. Kuna mwendo barazani. Kuna mwendo barazani. Haikuacha. Kuku hawezi kutembea hivyo, wala jani. Nikampigia mama, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, vivyo hivyo. Nikakaa sakafuni na simu mkononi, na maelekezo yote niliyosoma hayakunisaidia kitu.

Kaka alikuwa ameshawasha gari. Aliponipitia Bilele nikaona kiti cha nyuma kuna begi kubwa, tupu, la kubebea nguo. Nilijua nguo za nani zingeingia humo. Njia nzima simu zetu mbili zilikuwa zikipokezana kulia, na yeye alikuwa akikanyaga mafuta huku amebana midomo. Nilimwomba Mungu mama awe mzima, kisha, kwa aibu kidogo, nikamwomba pia taa isiwe ndiyo yenye makosa.

Tulipoingia kibanjani palikuwa pameshapambazuka vizuri. Uani kulikuwa na watu. Kaka alisimamisha gari ghafla, na najua sote tuliwaza msiba, kwa sababu kwetu watu wakijaa uani asubuhi hivyo, mara nyingi ni msiba. Kisha nikaona kwamba watu hao wamebeba mabeseni.

Mama alikuwa barazani, amekaa mkekani katikati ya wanawake, kitenge kimejaa mabawa ya senene, akinyonyoa kwa mikono miwili bila kuangalia chini. Ukutani, taa yangu ilikuwa bado inawaka. Ilikuwa imewaona senene wa kwanza wakipita mbele ya kijicho, ikawaka. Kwa ule mwanga wake wakaja wengine, na hao wengine wakaizuia isizime. Kijiji kizima hakina taa kali kama ile. Senene walikuwa ukutani, kwenye migomba, ndani ya sufuria, kwenye nywele za watu. Mama alipoona hayo aliita jirani, jirani akaita jirani. Simu yake ilikuwa chumbani kwenye chaji, na kwa mvumo wa mabawa na watu hakuisikia.

Kaka akaenda kwake bila kusalimia, jambo ambalo si kawaida yake, akamwita kwa Kihaya, mawe, yaani mama.

"Mawe, tumekupigia sana. Tulidhani umekufa."

"Ningekufa, hawa wote wangekuwa wanalia," mama akasema. "Kaeni, mmetoka mbali."

Kaka hakukaa mara moja. Alirudi garini akachukua lile begi, akaliweka chini mbele ya mama, akaanza kueleza kwamba haiwezekani, kwamba hofu kama ile hataki tena, kwamba chumba kipo tayari. Alisema kwa heshima na sauti ilikuwa ikitetemeka, nikamwonea huruma. Hofu yenyewe ilikuwa imetumwa na taa yangu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza aletewe chakula, kwa kuwa mtu hatoki Bukoba alfajiri akazungumza mambo mazito na njaa. Ikaja sahani ya senene waliokaangwa na chumvi, bado wa moto. Kaka ni mtoto wa Kihaya. Mkono ulienda wenyewe. Akala huku akiendelea kueleza, kisha akala bila kueleza, mpaka sahani ikabaki na chumvi.

Hapo mama akafuta mikono.

"Umekula senene wangu?"

"Nimekula, mawe."

"Basi nakudai vazi. Mjini kwako senene wananunuliwa sokoni, na anayenunua hapewi vazi na mtu. Lete kitenge changu hapa, nikivalie hapa, baba yako akione."

Wanawake wakaacha kunyonyoa. Kaka aliitazama sahani, akaitazama taa yangu pale ukutani, kisha akageuka upande wa kibanja, kule kwenye kaburi. Sikumbuki kumwona kaka akilia tangu tulipomzika baba, na sisemi kwamba alilia siku hiyo. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi. Nilichoona ni mguu wake ukilisukuma lile begi polepole, mpaka likaingia chini ya benchi.

Akamuuliza mama anataka rangi gani.