Mchoraji wa Marehemu

Kabla ya kumchora marehemu wa mtu yeyote, mchoraji wa Bwera, mji wa Uganda mpakani na Kongo, alifuta kwanza brashi kwenye suruali yake, kisha akauliza swali lake lilelile: "Ulikuwa unamuona toka wapi?"

Kahambu, msichana aliyekuja kuchorewa mama yake, akainamisha kichwa. Alikuwa mdogo mama yake alipofia njiani, wakikimbia vita vya Kongo. "Sura nimesahau, papa. Nilikuwa naona shingo tu, alikuwa ananibeba ku mugongo."

"Basi tuanze na shingo." Akachora kisogo, fundo la kitambaa, sikio lenye matundu mawili, Kahambu akijibu kila swali bila kusita. Aibu ya miaka kumi ya kuisahau sura ya mama ikamtoka kwa pumzi moja. "Ni yeye!" Akaegemeza shavu palepale kwenye shingo iliyochorwa, rangi ikiwa mbichi. Mchoraji akaona kazi yake inaharibika, asimkataze.