Viti Havikukimbia

Ukifika Mnarani na kumuulizia Mwaringa, utaulizwa ni Mwaringa yupi, maana wapo wengi. Sema wa viti. Hapo hata mtoto anayenyonya atakuonyesha nyumba. Miaka kumi na minane mtu huyu alikodisha viti na mahema, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeoa, aliyezikwa wala aliyechangisha pesa za kanisa upande ule wa daraja la Kilifi bila makalio ya watu kukutana na plastiki ya Mwaringa. Nasema makalio na sitaki mtu anune. Ndiyo kazi yenyewe.

Alianza na viti kumi na viwili alivyonunua alipoacha kuosha vyombo hotelini. Vikazaa, na si kwa miujiza, ni kwa kujinyima. Akipata kazi mbili tatu ananunua vingine sita, mkewe Easter ananuna kwa sababu yeye alitaka kabati, kisha ananyamaza. Hata vikafika mia mbili na arobaini, vyeupe, na chini ya kila kimoja Mwaringa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: MWARINGA MNARANI, na nambari yake ya simu. Alikuwa akisema kiti cha harusi kina miguu, usipokiandika kinaondoka na wageni.

Tena alikuwa na adabu ya kazi. Harusini aliomba malipo kabla mchele haujatiwa jikoni. Msibani hakudai kitu mpaka hanga limalizike, yaani yale matanga yetu ya Kigiriama ambayo watu huhamia uwanjani kwa marehemu siku nyingi, wakala na kuimba na kulala palepale. Na jambo moja hakulifanya kamwe: hakuwahi kumwomba Mungu ampe kazi. Angeombaje? Nusu ya kazi yake ilikuwa vifo vya watu. Akisali aliomba afya, mengine akamwachia Mwenyewe.

Halafu ikaja korona. Waliosoma watakueleza ilianzia wapi. Mnarani ilianza kwa simu. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na ishirini, bwana harusi mmoja akapiga kuahirisha. Jumamosi wakapiga wawili. Jumatatu shule zikafungwa, na shule mbili zilikuwa zimeshaagiza viti vya siku ya wazazi. Makanisa yakafuata, misikiti ikafuata, hoteli za ufuoni zikawaambia wafanyakazi waende nyumbani watapigiwa. Waliokuwa wakimimina mvinyo wakauza samaki kwenye karai. Waliokuwa wakitandika vitanda wakauza mchicha. Wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa matumaini. Gerishom, bwana wa kutoka bara aliyekuwa akikodisha spika na kufuatana na Mwaringa kila harusi, aliuza spika zake akapanda basi la kwao kabla njia hazijafungwa. Thoya, aliyebeba viti na Mwaringa tangu vilipokuwa kumi na viwili, aliambiwa, "Ndugu yangu, sina la kukupa." Akajibu, "Najua," akaenda kuendesha bodaboda ya mtu.

Vifo havikusimama, lakini amri ilikuwa watu kumi na tano kaburini, upesi upesi, na kila mtu kwake. Watu walikuwa wakifa bila viti. Siku moja Mwaringa alisikia tajiri mmoja wa Takaungu amefariki, na kabla ulimi haujasema Mungu amrehemu, kichwa kilikuwa kimeshapiga hesabu ya viti ambavyo vingekwenda. Akaona haya peke yake pale barazani. Nadhani hayo ndiyo mambo ya mwisho aliyoyahisi sawasawa. Baada ya hapo moyo ukafa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Ukimuuliza u hali gani, salama. Watoto je? Salama. Na kazi? Salama. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na macho ya Mwaringa yalikuwa mazima kabisa.

Mwezi wa saba akafa mkwewe, Mzee Nyale, baba yake Easter. Alikufa kwa uzee wake, wala si korona, katika kijiji kimoja cha ndani kupita Kaloleni. Jina la kijiji nitalimeza, wenyewe wananielewa. Lewa, kaka yake Easter, akapiga simu.

"Shemeji, mzee ametuacha."

"Poleni sana. Poleni, shemeji."

"Tumeshapoa. Sasa, viti."

"Sheria ni watu kumi na tano, Lewa. Nitaleta kumi na tano."

"Kumi na tano! Baba ana wajukuu arobaini. Hao wengine wakakae wapi, juu ya minazi? Sikiza. Kuzika tutazika na hao kumi na tano, wakubwa wa serikali wakitazama. Hanga ni letu."

Mwaringa akashusha simu akamtazama mkewe. Easter alikuwa ameketi chini, kitambaa kimefunika kichwa, macho yamevimba.

"Mimi sisemi kitu, Baba Pamela," akasema. "Ila watasema mkwe ana viti mia mbili na wazee walikaa mchangani."

Hapo amesema au hajasema? Mkwe kwetu hana pa kujitetea msibani. Anaweza kukosa ng'ombe, akasamehewa. Lakini kitu anacho, kimejaa nyumba, halafu mazishi ya baba mkwe kisionekane? Hilo litasimuliwa mpaka wajukuu wazeeke. Sitampaka Mwaringa mafuta kwa mgongo wa chupa: alijua ni hatari, alijua vile viti ndivyo vilivyobaki kati yake na kuomba omba, na aliwajua askari. Akaazima kanta, lile lori dogo la jirani, akamwita Thoya, wakapakia vyote mia mbili na arobaini, wakapandia njia ya Mavueni hadi huko, Thoya akarudisha gari. Bei haikutajwa. Nani hutaja bei kwa wakwe?

Wakazika salama. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, uwanja umejaa na wimbo umekolea, gari la askari likatokea kwenye mihogo.

Lo! Watu walitimka. Mama mmoja mnene, aliyeletwa asubuhi ameshikwa mikono miwili kwa maumivu ya goti, aliruka ua wa makuti kama mbuzi. Lewa alipita katikati ya minazi na sahani ya wali mkononi, na wali haukumwagika. Wanawake waliokuwa ndani na Easter wakajifungia. Punde si punde uwanja ulibaki na sufuria juu ya moto, viti vyeupe safu kwa safu, na Mwaringa amesimama katikati.

"Wewe mbona hukimbii?" mkubwa wa askari akamuuliza.

"Na hivi nitavikimbiza vipi?"

Askari akadhani anachezewa. Akapindua kiti, akasoma maandishi mekundu, akatoa simu yake akabonyeza ile nambari. Mfukoni mwa Mwaringa simu ikalia. Naye akaipokea! Wanatazamana, hatua tatu kati yao, na Mwaringa ameweka simu sikioni anasema, "Haloo, karibu." Wallahi nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikaona haya, kwa sababu mtu huyu hakuwa akifanya mzaha. Miaka kumi na minane nambari ile ikilia ni kazi.

"Mwenye viti ndiye mwenye mkutano," askari akasema, na mambo yakaishia hapo. Mwaringa alilala ndani siku mbili, akatoka kwa dhamana, ameshtakiwa kwa kukusanya watu. Viti vikaandikwa kizibiti, yaani ushahidi wa kesi, vikarundikwa nyuma ya ofisi ya serikali ya hukohuko kijijini, vingoje kesi. Na kesi nayo ikingoja mahakama ipumue, maana hata mahakama ilikuwa inaogopa watu.

Ukoo mzima wa Mzee Nyale, wajukuu arobaini na wazazi wao, hakutokea mmoja wa kwenda kusema hanga lilikuwa letu, huyu ni mkwe tu. Lewa alipiga simu kusema tuko pamoja. Walikuwa pamoja kwenye simu.

"Lewa hana mdomo?" Easter alifoka siku hiyo. "Aende akaseme ni matanga ya babake!"

"Akisema atashikwa."

"Wewe hukushikwa?"

Mwaringa akawa anakwangua tope kwenye kiatu.

"Hata hasira huna, Baba Pamela?"

"Sina."

Mumewe angetukana, angepiga bakuli ukutani, Easter angejua la kufanya naye. Lile neno moja, limesemwa polepole kama mtu anayejibu kuhusu chumvi, lilimtia hofu kuliko askari. Kesho yake akawasha jiko nje ya nyumba akaanza kukaanga viazi karai, na jioni zile walizokula, walikula vilivyobaki. Mahema waliyauza mawili matatu, yakakatwakatwa kufunika vibanda vya sokoni. Mwaringa alishika ncha moja mwenyewe, akamsaidia mnunuzi kukata mstari unyooke.

Kila Jumatatu alikwenda kuulizia viti. Thoya alimchukua kwa bodaboda akiwa na safari ya huko, asipokuwa nayo Mwaringa aliomba lifti za malori yanayobeba mnazi na mawe. Anafika, anavua kofia mbele ya askari wa zamu.

"Kesi bado, mzee."

"Haya."

Ndiyo mazungumzo yote. Lakini macho, si nimesema yalikuwa mazima? Wiki moja aliona kiti kimoja langoni, mlinzi amekikalia. Wiki nyingine vitano chini ya muarobaini, watu wanaongoja vitambulisho. Kisha viwili penye tangi, mtu amevipanda kuchota maji, kisha ishirini ndani ya ukumbi. Jua likavitia njano. Mwaringa aliona, akasema haya, akarudi Mnarani. Easter akiuliza, anasema vipo.

Mwaka ukageuka. Mwezi wa pili, amri za mikutano zilipolegezwa kidogo, alifika Jumatatu yake kama kawaida akakuta uwanja wa ofisi umejaa watu na barakoa zao. Shirika fulani lilikuwa limekuja kuandika biashara zilizouawa na korona, wenyewe wafikiriwe kupewa mtaji. Viti vyake vyote vilikuwa nje. Vimepangwa ovyo, safu imepinda, vingine miguu imezama mchangani. Mtu ambaye hajui kiti akikipanga utajua tu.

"Bahati yako, mzee," askari wa zamu akamwambia. "Kaa upange foleni na wewe uandikwe."

Akakaa. Alikuwa hajawahi kukaa juu ya kiti chake kwenye shughuli ya mtu. Kila kiti kilipoachwa wazi mbele yake alisogea, na kabla hajakaa alikinyoosha kidogo kifuate safu, na waliokuwa nyuma yake wakawa wanamngoja. Saa sita hivi akafika mezani kwa binti mmoja aliyejiita Damaris, mpole, kalamu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Biashara yako ilikuwa gani?"

"Kukodisha viti."

"Na viti viko wapi sasa?"

"Hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi walivyokalia. Na hicho chako."

Damaris akainuka nusu, akamtazama askari. Askari akatikisa kichwa kukubali. "Ni vyake, lakini ni kizibiti." Binti akakaa tena, kwa ncha ya kiti safari hii, uso umemwiva.

"Mzee, samahani. Fomu inauliza mali imeharibika, imeibiwa au imeuzwa. Ni moja tu naruhusiwa kutia alama. Sasa yako niandike nini?"

Mwaringa alifikiri. Hakuwa na kejeli, nataka mnielewe. Aliulizwa swali la kazi na akataka kulijibu sawasawa.

"Haijaharibika," akasema. "Haijaibiwa, na sijauza. Andika iko kazini."

Hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo. Damaris aliiweka ile fomu kando bila alama, akamwita anayefuata.

Mkutano ukavunjika. Watu wakaondoka kama watu wanavyoondoka, viti huku na huku, vingine chali. Askari wakaingia kula. Mwaringa alifika hadi langoni, akasimama, akarudi. Akaanza kuvikusanya. Akavipangusa mchanga kwa kofia yake, akavipandanisha kumikumi, akavisukuma kwenye kivuli cha ukuta vilikokuwa, jua lisizidi kuvila. Hakuna aliyemtuma. Ilimchukua hadi alasiri, peke yake.

Askari wa zamu akatoka anachokonoa meno.

"Ahsante, mzee! Hii ndiyo kazi. Ijumaa tuna mkutano mwingine, wa wazazi. Utakuja?"

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi nitafika saa mbili nivipange."

Ijumaa aliamka mapema, akaoga, akavaa shati lake la bluu la harusini. Easter alikuwa anamenya viazi.

"Waenda wapi?"

"Kazini."

Easter aliweka kisu chini. Alikuwa hajalisikia neno hilo karibu mwaka mzima. "Mungu mkubwa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka, akamfungia viazi karai vinne vya jana kwenye gazeti, vile vikubwa, ale njiani.