Nilisaini Kumtunza Mama Mkwe

Admin, naomba unifiche jina, maana mke wangu anaufuata sana ukurasa huu na kila jioni ananisomea visa vyenu kwa sauti. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani hapa Bellevue, Johannesburg. Nashonea nyumbani. Nusu ya suti za harusi kanisani kwetu zimepita mikononi mwangu, na wateja wananiita redio kwa sababu sinyamazi. Lakini hili nimelinyamazia wiki tatu na sasa linanikaba.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi mwaka 2016, upande mzima wa kulia ukapooza. Hospitali walitupa njia mbili: aende nyumba ya kutunzia wazee, au aingie kwenye mpango wa kutunzwa nyumbani. Mpango unatoa kiti cha magurudumu, pampasi za watu wazima, na mtunzaji wa kumwosha asubuhi siku za kazi. Sharti lilikuwa moja, awepo mtu anayeshinda nyumbani na jina lake liandikwe kwenye fomu. Mama alilia, akasema hawezi kwenda kufia kwa watu wasiojua hata kumsalimia kwa lugha yake. Mke wangu ni mlinzi wa duka, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Anayeshinda nyumbani ni nani? Mimi na cherehani yangu. Nikasaini harakaharaka, nikajiona mkwe bora kuliko wote. Nilidhani wanataka mtu wa kufungua mlango!

Kwa wasiojua, kwetu mama mkwe anaheshimiwa mpaka anaogopwa. Sikai kitandani kwake, sili naye sahani moja, na zamani tukikutana kwenye korido nilikuwa nampisha. Sasa tumepanga vyumba viwili tu, na kitanda chake kiko chumba chenye cherehani. Nikashona pazia zito la kitambaa mara mbili, yeye akawa upande wake na mimi wangu. Tulikuwa tunaongea vizuri tu tukiwa hatuonani. Hata nikikosea kukata kitambaa alikuwa ananicheka, alijua kwa kusikia mkasi ukisita.

Mtunzaji wa mpango, Sisi Nomsa (huku "sisi" ni dada), anafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa nne. Kuanzia hapo mpaka mke wangu arudi, pampasi ni ileile. Nikagundua Mama haombi maji tena baada ya saa nne. Nikimpitishia kikombe pembeni ya pazia anasema ameshiba. Jirani yetu, dada mmoja wa saluni, alisaidia siku chache akachoka, naye ana kazi yake. Mke wangu aliomba zamu ya usiku, wakamkatalia. Na mimi? Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili nisisikie akihangaika kujigeuza. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mwezi uliopita sista, yaani nesi wa mpango, alikuja kukagua, akakuta kidonda chini ya kiuno. Akanionyesha ile fomu. "Hii sahihi ni ya nani?"

Nikasema yangu.

"Basi wewe ndiye wa kumgeuza na kumbadilisha. Nikirudi kidonda kikiwa kibaya zaidi, nitaandika apelekwe nyumba ya wazee."

Nilijaribu kumweleza habari za ukwe kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Nomsa akanisaidia kwa Kizulu, kumbe na wao wana heshima kama hizo. Sista akatikisa kichwa. "Eish, bhuti, kaka yangu, nakuelewa. Lakini kidonda hakitasubiri."

Wiki iliyofuata teksi, yaani daladala za huku, ziligoma, Nomsa hakuja siku mbili. Siku ya pili mchana nikasikia Mama analia chini chini. Nikasimamisha cherehani. "Mama, acha nikusaidie."

"Wapi uliona mukwe anaoshaka mama-mukwe?" akajibu. "Bora nioze."

Nikachemsha maji hivyohivyo. Nikamwomba ajifunike uso kwa kitenge chake, nami nikatazama ukutani, nikafanya kazi kwa kupapasa kama mtu anayetafuta shati gizani. Mkono wangu ukagusa kidonda. Akapiga kelele moja. Nilipomaliza nikamfunika shuka. Akasema kutoka chini ya kitenge, "Mutoto yangu asijue." Nikamwapia. Jioni nikamdanganya mke wangu kwamba aliyemwosha ni yule dada wa saluni.

Tangu siku hiyo Mama hanicheki tena. Anakula vijiko viwili jioni mbele ya binti yake, basi. Mke wangu anadhani ni ugonjwa, anamletea maembe na juisi. Mimi ndiye ninayejua. Juzi nilimsihi anywe uji mchana, akaniambia, "Nikikula, utanigusa tena. Uniache."

Sista anarudi Alhamisi. Nikisema siwezi, anapelekwa kule anakokuogopa. Nikisema naweza, ataendelea kujinyima mpaka afe, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Nikimwambia mke wangu, ni kama nimemvua mama yake nguo mara ya pili. Nimechoka, ndugu zangu, na nyumba hii sina pa kutokea.

Mliowahi kuuguza wakwe zenu, mliweza vipi? Nimebadilisha mambo machache, ila najua mke wangu anaweza kunitambua, na sijui kama naliogopa hilo au nalitaka. Atakisoma kisa hiki kwa sauti kama anavyosoma vyote, na Mama atakuwa nyuma ya pazia anasikia. Yeye atajua tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo mkinijibu mimi, mjibuni na yeye. Mwambieni ale.