Masikio ya Mbwa wa Kambo

Jana mchana sirene ya mgodi ililia, baruti ikapigwa, madirisha yetu hapa Kapata yakatetemeka, na picha moja ikaanguka kutoka ukutani. Kioo chake kilipasuka. Binti yangu aliiokota, akaitazama kana kwamba hajawahi kuiona, akaniuliza, "Mama, hii imbwa ilikuwa inaogopa nini?"

Tangu hapo sijatulia, rafiki yangu. Naingia chumbani, natoka uani, nasahau nilichofuata, narudi. Chai yangu imepoa nimeiacha hapo hapo. Picha hiyo imekaa ukutani miaka yote, wageni wameisifu wakinywa munkoyo wetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo.

Si picha ya kamera. Ni kitambaa kilichodariziwa kwa mishono ya msalaba, na aliyekidarizi ni kambo, yaani bibi yangu, mama yake baba. Mbwa alikuwa wetu, wakati tukiishi Musonoi, na masikio yake pale kwenye kitambaa yamelala, yamebana kichwa.

Musonoi ya utoto wangu iliamka kabla ya jua. Kwanza ulisikia miguu ya wachimbaji wakipita na makoleo, kisha ikaja harufu ya mikate ya mafuta kutoka kwa mama jirani, kisha vinu vya kutwangia sombe, majani ya muhogo, vikaanza kujibizana nyumba kwa nyumba. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji kwa bidon na kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, na nilizifanya mbio mbio kwa sababu kukaa mahali pamoja kulinishinda. Mbwa naye alikuwa vile vile. Alizurura mashimoni kutwa nzima, akarudi mwekundu kwa vumbi hadi kope. Kambo alizoea kusema, "Wewe na ile imbwa mulitoka tumbo moja."

Kisha shimo la mgodi likasogea. Lilikula kwanza uwanja wa mpira, halafu nyumba zikaanza kupakwa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani, na yetu ikapakwa. Baba alipata vyumba viwili Kapata kwa kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa na sharti moja tu. Baba alitueleza wakati wa kula, tonge la bukari mkononi, bila kuinua macho.

"Imbwa itabakia," alisema.

Mimi nililia. Mama aliangalia pembeni. Kambo aliendelea kula makayabu yake, samaki wa chumvi, akachambua miba polepole, akaiweka kandoni mwa sahani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mtoto atajuaje? Alipomaliza alisema ameanza kushona picha ya mbwa na hatahama na kazi nusu.

"Sawa, mama," baba alijibu. Hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. "Maliza kwanza, njo tutaenda."

Sasa fikiria hali yangu. Kila mshono ulitusogeza karibu na siku ya kumwacha mbwa, na huyo bibi aliyeshona ndiye niliyempenda kuliko wote. Nilimwomba aache. Alinijibu neno lile lile kila mara, "Kazi yenye kuanza inaisha," kisha akanipa uzi nimtenganishie.

Kushona alikuwa amejifunzia foyer, ile nyumba ambapo wake wa wafanyakazi wa kampuni walifundishwa mapishi na vitambaa. Huko alipata gazeti la zamani lenye mchoro wa miraba wa mbwa wa Kizungu, mwenye manyoya marefu ya kijivu na utepe shingoni. Kambo alichukua umbo akatupa mengine yote. "Hii yao inaogaga kila siku," alisema. "Yetu haiko vile." Mbwa wetu chini ya vumbi alikuwa mweupe, lakini nani aliwahi kumwona mweupe? Kwa hiyo kambo hakutumia nyeupe peke yake. Uzi wa kudarizi ni nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja; nilizitenganisha moja moja, naye akachukua mbili nyeupe na moja ya rangi ya kutu, akazipitisha zote tatu kwenye tundu moja la sindano. Ukitazama kwa mbali, unaona mbwa mweupe anayehitaji kuogeshwa. Kivuli cha tumbo alikipata kwa kufumua ovaroli la baba lililopauka. Pua nyeusi ilimtatiza, hadi shangazi yangu alipofumua nywele za bandia alizosukia. Ndiyo, rafiki yangu, pua ya mbwa yule ni meshi za shangazi, na shangazi alinuna kwa muda mrefu.

Shida ilikuwa kumwona huyo mbwa. Hakutulia isipokuwa sirene ilipolia. Hapo alirudi nyumbani kama jiwe lililorushwa, akajificha popote, mara chooni, mara nyuma ya gunia la makaa, akitetemeka. Kambo akaanza kuweka ukoko wa bukari chini ya kiti chake kila saa ya baruti ilipokaribia. Alisema anataka mbwa akae karibu apate kumchora vizuri. Mbwa akaanza kuzoea: sirene ikilia, siku nyingine chini ya kiti cha kambo, siku nyingine chooni kama zamani. Hapo ndipo bibi alipoinama, akatazama, akafumua masikio yaliyosimama ya yule mbwa wa gazeti, akashona haya yaliyolala.

Kichwa kilikwisha upesi. Mwili ukachelewa. Alianza kuniambia, "Leta moja tu, uzi ni kidogo." Majirani wakahama mmoja baada ya mwingine. Mama wa mikate akaondoka na karai lake kichwani. Baba alikuja jioni akasimama mlangoni. "Mama, ile mukia itaisha siku gani?" Kambo alijibu kwamba mkia si mchezo.

Siku hizo sirene ikilia mbwa hakukosa tena chini ya kiti. Mwishowe mkia ukaisha. Asubuhi ya kuhama, kamion ilikuja, vitu vyetu vyote vikapakiwa, na kiti cha kambo kikawekwa juu kabisa, mwishoni, ili apate kukikalia njiani. Mbwa alikuwa amekwenda zake mashimoni. Nilitaka tumsubiri walau nimuage. Baba alisema twende. Kambo akasema hapana, sindano yake imepotea.

"Mama, sindano utapata ingine kule!"

"Ile njo yangu. Hapana kunisukuma."

Akaanza kupekua nyumba tupu. Akapapasa sakafu, akachokonoa nyufa, akatoka uani, akarudi. Dereva alipiga honi. Nilimkasirikia kambo kwa moyo wote: mbwa wangu anaachwa, yeye analilia sindano!

Sirene ikalia.

Mbwa alitokea upande wa mashimo akiwa amejinyoosha kwa mbio, akaingia ndani, hakukuta kiti, akatoka, akakiona, akaruka juu ya kamion na kujikunja chini yake. Baba alimwambia dereva amtoe. Dereva akanyoosha mkono, akaona meno. "Tata, mi siingize mukono pale." Kambo alipandishwa, akakaa kwenye kiti chake, akashusha kitenge mpaka kikamfunika mbwa, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia mama wa watu asimame. Tulifika Kapata hivyo hivyo. Baba mkubwa alitazama kiti, akamtazama mama yake, akafungua geti.

Njiani kambo aligusa kilemba chake akatoa sindano. "Kumbe iko hapa," alisema. Nilimcheka, nikadhani ni uzee.

Jana usiku niliitoa picha katika fremu iliyovunjika, nikaigeuza nyuma. Kichwani uzi ni mnene, safi. Kuanzia mgongoni hadi mkiani ni uzi mmoja, mwembamba, umerudiwa juu ya msalaba ule ule mara kwa mara mpaka ukafunika kitambaa. Mtu yeyote aliyeshika sindano anajua: hakuna anayeshona hivyo ila asiyetaka kumaliza. Na uzi haukuwa kidogo. Kwenye kopo lake ulibaki mwingi, alishonea kitambaa cha meza cha baba mkubwa baada ya kuhama. Alikuwa anamngoja mbwa ajifunze kiti, kama alivyoingoja sirene kwa sindano iliyokuwa kilembani. Nami miaka yote hii nilidhani mbwa alijiokoa mwenyewe. Kambo wangu, nilikununia bure!

Nyumba yetu ya Musonoi sasa ni hewa tu juu ya shimo. Mbwa alizeeka akafa hapa, kambo akafuata, na vinu vya sombe sijui vilitawanyika wapi. Kiti kipo. Na mtaa wetu nao umepakwa alama nyekundu. Mume wangu ametupatia nyumba ng'ambo ya mji, mwenye nyumba hataki mbwa, na mbwa wa binti yangu, sirene ikilia, hukimbilia nyuma ya pipa la maji.

Leo nimeweka ukoko chini ya kiti cha kambo. Nimekata kitambaa. Mume wangu amesimama mlangoni.

"Ile kazi itaisha siku gani?"

"Kazi yenye kuanza inaisha," nimemjibu, nikatenganisha nyuzi, nikatia moja kwenye sindano.